Idi, mita ya hiyo BSA usiifungue kwanza

Kaka Idi,

Za huko Tanga, mama anaendeleaje na mguu? Huku Moro tuko salama. Picha zako nimezikuza kwenye simu jana usiku mpaka macho yakauma, nikaona voisi haitoshi bora nikuandikie, maana nataka uwe unarudi kusoma kabla hujashika bisibisi.

Hiyo pikipiki ya babu, BSA M20, mita yake ya spidi usiifungue kabisa. Zile namba zenye rangi nene, njano inayoelekea kahawia, inawezekana kabisa ni radiamu, madini yenye mionzi. Pikipiki hizo ndo jeshi la Uingereza lilizitumia sana Vita vya Pili vya Dunia, na mita nyingi za enzi zile zilipakwa radiamu zisomeke gizani. Kwamba haiwaki tena isikutie moyo, kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga tu, radiamu yenyewe inahitaji miaka kama 1600 kupungua nusu. Ikiwa imefunikwa na kioo chake hatari ni ndogo, ubaya ni vumbi, yaani ukikwangua, ukipiga msasa, au ukipuliza na mdomo kama tunavyopuliza kila kitu, unavuta ndani na haitoki. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, weka juu watoto wasifikie, nawa mikono, alafu waulize watu wa TAEC Arusha, ile Tume ya Nguvu za Atomiki, wana vifaa vya kupima. Nakuomba sana kwa hili kaka.

Na mshale wake kuruka kwa hatua hatua sio ugonjwa. Zile mita za Smiths za aina hiyo ndani ni kama saa, inahesabu mizunguko ya waya wa spidi kwa muda mfupi ndo inasogeza mshale, alafu inahesabu tena. Wakishapima wakasema ni salama, mpelekee fundi saa, fundi pikipiki hapana.

Sasa ulichoniuliza, mita ya CG ya mzee nimeifanyaje. Ile ni pikipiki ya Honda CG125 ya volti 6, ya enzi zake za ubwana shamba, imepigwa jua miaka na miaka, kioo cha mita kilikua cha manjano huoni kitu na mshale umegeuka mweupe, na ukitembea unachezacheza kati ya 20 na 50. Kila mtu aliniambia nitupe ninunue mpya dukani, eti bei ya soda. Sikutaka, uso ule wa mita wenye namba mzee ameutazama akipanda Mgeta kila wiki, siwezi kuutupa.

Kuchezacheza kule nusu ya tatizo haikua mita. Waya wa spidi unaotoka tairi la mbele ulikua mkavu na umekunjika sehemu moja. Nikabadilisha, nikapaka grisi kidogo, ila nusu ya chini tu, juu nikaacha mkavu kwa sababu waya ukizunguka grisi inapanda inaingia kwenye mita, na ikishaingia huko mshale unanata. Ndani ni hivi, waya unazungusha sumaku, juu yake kuna kikombe cha alumini ambacho hata hakigusani nayo, sumaku ikizunguka inakivuta, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Ndo maana tone moja la mafuta mahali pasipotakiwa linaharibu vyote. Mimi nilitumia mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, kwenye shina la sumaku basi.

Kufungua ndo kazi. Ule ukingo wa bati umekunjwa kuzunguka, unauinua milimita moja moja kwa bisibisi ndogo, unazunguka wote, unarudia tena, mie ilinichukua saa mbili na nusu. Ukiharakisha unapasuka na kuurudishia haiwezekani. Kabla hujang'oa mshale uvushe juu ya kile kipini cha sifuri uache utulie wenyewe, pale ndo springi inapoishia, weka alama kwenye tepu. Ukirudisha bila alama mita itakudanganya maisha yote. Kung'oa ni vijiko viwili vya chai chini yake, pande zote mbili, kwa pamoja.

Kioo nilipiga msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, mwisho dawa ya meno na kitambaa cha fulana, kimerudi kama kipya. Petroli na thina usiguse nayo, plastiki ile inapasuka mistari mistari. Mshale nikapaka nyeupe kwanza ndo nikaja na rangi ya chungwa juu yake, bila nyeupe chini ile rangi inafifia.

Kosa langu lilikua kwenye uso wa mita. Niliona vumbi limeganda, nikachukua pamba na spiriti, nikapitisha mara moja tu na namba 40 ikaja yote kwenye pamba. Nilikaa chini kimya kaka, sikuendelea siku ile. Uso unapigwa picha kwanza, unapulizwa na ile pampu ya mpira, basi, na kama lazima kufuta ni maji ya vuguvugu, pembeni pasipo na maandishi. Fundi saa wa mtaani kwetu alinambia angeweza kuichora tena na mkono wake uko vizuri kweli, ila nimekataa. Ningekua na picha ya kabla ningefikiria.

Jumapili nikaipeleka barabara ya Dodoma na simu ya GPS mfukoni mwa dogo nyuma, mita ikasema 60, simu 57, ikatulia hapo bila kucheza. Kilomita sijazigusa, zimeendelea pale alipoachia mzee.

Nitumie picha nyingine ya BSA mchana, kwa nje tu, karibu na namba 80. Na uniambie kioo kina ufa au ni kivuli.

Msalimie mama,
Hamza