Kabla ya kulaumu petroli, pimeni ekzosi

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu wa Tabata aliandika humu kwamba magari yetu hayapandi milima kwa sababu vituo vinatuuzia petroli iliyochakachuliwa. Sikatai kuwa uchakachuaji umekuwepo. Ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kutia vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe tena kuyachanganya na dizeli. Ila wimbo huo wa petroli mbaya mimi niliuimba miezi mitatu, ukanila laki mbili na ushee, na petroli haikuwa na kosa lolote.

Nauza mayai. Nina Probox ya injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST nyingi za hapa mjini. Alfajiri nashuka Kariakoo na trei 60, mchana narudi Mbezi Louis na trei tupu. Kushuka halikuwa na neno. Kurudi ndiyo kazi: nikishavuka Ubungo, nikianza kupanda kwenda Kimara, gari linazidi kuwa zito. Nakanyaga mafuta hadi sakafuni, injini inaguna tu, daladala zinanipita zikinipigia honi. Kufika Kimara Korogwe natembea spidi 30, na trei zenyewe hazina hata yai moja!

Fundi wa kwanza, jirani yangu wa chini ya mwembe, hakuuliza swali. Alisema plagi. Nikanunua nne. Gari likachangamka siku mbili, likarudia. Akasema nozeli zimeziba kwa petroli chafu, zikasafishwa. Halafu akasema pampu ya mafuta. Pampu nikainunua kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kwa 120,000, akaifunga, ile ya zamani akabaki nayo. Mlima wa Kimara ukabaki vilevile. Taa ya injini iliyokuwa inawaka kwenye dashibodi tangu mwanzo aliizima kwa kuchomoa waya wa betri, nami kwa ujinga wangu nikamshukuru.

Nilipochoka, mteja wangu mmoja wa chipsi akanipeleka kwa mzee mmoja Ilala. Huyu hakufungua boneti kwanza. Aliniuliza: "Mama, linakosa nguvu likiwa la baridi au likishapata moto? Linaanza taratibu au ghafla? Ukikanyaga sana, linashtuka au linaguna?" Nikamjibu kuwa ni likishapata moto, taratibu, linaguna. Akaniambia niendeshe, yeye akae pembeni asikilize.

Tuliporudi alifunga geji kwenye njia ya mafuta. Ikasoma psi 46, ndiyo kipimo cha msukumo. Injini hii inatakiwa iwe kati ya 44 na 50, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanafika sawasawa. Akaacha ekzosi ipoe kidogo, akafungua sensa ya mbele ya oksijeni kwa spana ya 22, na kwenye tundu lake akafunga geji nyingine, ndogo. Akaniambia niwashe na kushikilia mizunguko 2,500. "Gari likiwa zima, mshale haupiti psi 3," alisema. Wangu ulipanda taratibu, ukasimama kwenye 8.

"Linavuta pumzi, kutoa haliwezi," akasema. Kazi yote hiyo haikufika saa moja.

Aliposhusha bomba akanimulikia tochi nione masega, kile kisafisha moshi kilichomo ndani ya bomba la ekzosi. Vile vitundu vinavyotakiwa kupitisha moshi vilikuwa vimeyeyuka na kushikana kama kashata iliyoungua. Lakini mzee hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya niandike. Alisema masega hayaungui yenyewe. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na ile taa iliyokuwa imezimwa kwa waya wa betri ikatoa jibu lake: P0303, silinda ya tatu haichomi vizuri. Koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Petroli isiyochomwa ilikuwa inatoka na kwenda kuungulia ndani ya masega miezi yote hiyo. Kumbe plagi mpya ya silinda hiyo ilikuwa inapelekewa moto na koili mgonjwa.

Sasa, hapo hapo gereji kijana mmoja alijitolea kuyatoa masega bure na kuniachia bomba tupu. Bure ya Dar es Salaam naijua. Ndani ya masega kuna madini ghali, platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanapita mitaani kama wa chuma chakavu. Gari lingepata nguvu, ni kweli, na moshi wote wangevuta wanaosubiri daladala nyuma yangu. Nilinunua koili mpya na masega ya mtumba yaliyo mazima, na yale mabovu nikayauza mwenyewe.

Ninachoomba, Mhariri, ni kuwa mafundi wetu wapime kabla ya kututuma Gerezani. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe wanafundisha ufundi wa magari, kwa hiyo siamini kuwa kusoma geji ni siri ya wazee wa Ilala peke yao. Na wenzangu wenye magari, taa ya injini ikiwaka mwambieni fundi aisome na kuandika namba yake kabla hajaizima. Kipuri kikibadilishwa, ondokeni na kile cha zamani, hata kama kimejaa grisi.

Jumanne nimepanda Kimara na gunia mbili za pumba juu ya trei, gia ya nne. Pampu yangu ya zamani bado iko kwa yule jirani wa chini ya mwembe. Ilikuwa nzima. Akisoma hapa, naomba anirudishie.

Muuza mayai,
Mbezi Louis, Dar es Salaam