Usiniambie unaijua na daftari liko wazi

Mwanangu Neema,

Matokeo ya mtihani wa moko nimeyasikia kwa mwalimu wako, siyo kwako. Hilo tuliache. Kinachonikosesha usingizi ni ujumbe wako: "Baiolojia naijua mama, nimeisoma mara nne." Umeisoma daftari likiwa wazi au limefungwa?

Ukurasa ukiutazama mara ya nne unateleza wenyewe machoni, nawe unadhani umeshaingia kichwani. Mwaka 2006 huko Marekani, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma vipindi vinne. Jingine lilisoma kimoja tu, vitatu vilivyobaki likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliorudiarudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Wiki ilipopita walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Parudie hapo, Neema.

Basi chukua mfano wa somo la moyo. Ukishausoma, funga daftari na usijipime palepale, maana maneno bado yako mdomoni na yatakudanganya. Ngoja kesho yake. Chukua karatasi tupu, chora vyumba vinne, fuata damu kwa mishale tangu inaporudi kutoka mwilini mpaka inapotoka tena. Pa kuangalia ni ateri ya mapafu, mshipa unaotoa damu moyoni ikachukue oksijeni mapafuni: wengi huandika kuwa imebeba damu yenye oksijeni, kwa kuwa wamekariri kwamba ateri zote ziko hivyo. Ukikwama, usikimbilie daftari. Andika hata jibu la kubahatisha, ndipo ufungue na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Utajiona hujui kitu. Usiache kwa sababu hiyo, wala usirudi kusoma tu kwa kuwa kusoma ni kwepesi.

Mwandiko wako mzuri tangu darasa la tatu, na zile rangi unazopigia mistari zinapendeza. Hapa nyumbani tumelisifu sana daftari, tukasahau kukuuliza lina nini.

Bibi miguu bado inamsumbua, ila anakula. Mbuzi kazaa mapacha. Elfu ishirini ziko kwa matroni: sabuni na karatasi, siyo kalamu za rangi. Daftari limefungwa, umenisikia? Jumapili ya kutembelewa nakuja na karatasi tupu, utanichorea moyo kabla hatujafungua chakula.

Mama yako