Barua ya wazi kwa vijana wa kijiweni kwetu

Wajukuu zangu wa bodaboda,

Mmenizoea kama bibi wa kubishana nauli. Leo nauli tuiache. Naandika kama muuguzi niliyestaafu wodi ya mifupa.

Nilipoanza kazi, msimu wa maembe ndio uliotujazia vitanda. Watoto walianguka mitini, wakafungwa hogo (plasta ngumu), wakarudi nyumbani. Kisha zikaingia pikipiki za bei nafuu, na miaka ya 2000 ikienda mbele wodi ikabadilika mpaka wafanya usafi wakaiita wodi ya bodaboda. Kijana aliyevunjika paja haondoki upesi. Mguu unavutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, yeye chali wiki baada ya wiki. Huko nyumbani mke anauza simu, halafu kochi, halafu kiwanja. Na tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya kila siku (mmoja alikuja kuidai palepale kitandani, nikamfukuza).

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hawauawi na kitu kingine kuzidi hizo. Majeruhi, linasema, ni kati ya milioni 20 na 50. Oneni pengo hilo lilivyo: maiti inahesabiwa, mguu uliopinda hauna wa kuuandika.

Sasa hiyo elementi, kofia ngumu ya pikipiki. Tafiti zinaonyesha inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa asilimia 42. Lakini iwe imefungwa! Ninyi mnaiweka kichwani kwa ajili ya trafiki, mkanda unapepea. Nimewahi kumpokea kijana fuvu limepasuka, elementi yake imeletwa kwenye mfuko wa rambo, haina hata mchubuko. Ilitangulia mtaroni peke yake. Na ya abiria je? Mnayo moja inayonuka, naye haitaki, mnacheka, mnaondoka. Mshikaki, kupakia abiria wawili kwa mpigo, sitausema, mnajua wenyewe.

Bima ile ya lazima mnayokata inamlinda uliyemgonga. Wewe dereva haikuhusu, kwa hiyo wekeni chenu cha pembeni hapo kijiweni, hata kidogo kila siku.

Lililonisukuma kuandika ni la mwezi uliopita. Mwenzenu alianguka, mkamwinua haraka kwa huruma, mkamkalisha katikati kwenye pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma, kichwa kinayumba. Mfupa wa shingo uliovunjika ukiyumba hivyo unaweza kukata mishipa ya fahamu, na miguu isitembee tena. Kama hayuko kwenye hatari ya kugongwa au moto, mwacheni alale. Mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili, kisitikisike. Akilazimika kubebwa, abebwe kwenye ubao.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuja na ubao wa meza yangu ya zamani. Nataka wanne wenu wenye nguvu, na mgonjwa wa kujifunzia nitakuwa mimi. Mkinikunja mgongo, nauli ya mwezi mzima sitoi.

Bibi yenu, nyumba ya mwarobaini