Shukrani kwa kaka fundi wa pale Samora

Kwa kaka uliyetusaidia ofisini kwetu Mtaa wa Samora siku mtandao ulipokatika na mishahara haijatumwa: asante sana, Mungu akuzidishie. Uliondoka hata jina hatujakuuliza, ndiyo maana naandika hapa.

Tulikuwa tumeshaambiwa ruta, kile kifaa kinacholeta mtandao ofisini, imekufa, tununue nyingine. Wewe uliinama chini ya meza kwanza, ukatazama taa za swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote, ukauliza, "Dada, ni mashine zote au hii moja?" Swali dogo, lakini lilipunguza nusu ya kazi. Zote. Basi tatizo si kompyuta. Umeme upo, ruta inawaka. Ukafungua mashine moja, ukaona anwani yake ya mtandao inaanza na 169.254, ukatueleza kwa upole kwamba anwani hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta, hivyo tusiwalaumu watoa huduma wa mtandao bado. Ukafuata nyaya kwa mkono, moja moja, hadi ule waya unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye swichi. Kile kiplastiki cha kubania kilikuwa kimevunjika, waya umelegea, nadhani siku meza ziliposogezwa kwa usafi. Ukaweka mwingine. Taa ya kijani ikaanza kupepesa, ofisi nzima ikashangilia!

Mafundi wanaoanza na waya kabla ya kutaja bei ni wachache jamani. Mishahara ilitoka jioni ile ile. Ukipita tena Samora, kaka, panda juu. Hela ya nauli uliyoikataa bado tunayo.