Tusifute picha za kazi, tubadili muundo wa faili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wenzangu wa ugani mkoani Dodoma kuhusu simu zinazojaa. Picha za majani ya mizabibu yaliyoshambuliwa na ukungu huko Hombolo na Mpunguzi ni kumbukumbu za kazi, na inaniuma kuona mtu akifuta za msimu uliopita ili apige za msimu huu, ilhali huenda kamera yake ina njia ya kuzihifadhi kwa nafasi ndogo zaidi.

Kamera nyingi bado huhifadhi picha kwa JPEG, muundo uliosanifiwa mwaka 1992, ambao huigawa picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8 na kuvibana. HEIC, ambao Apple iliuingiza katika iPhone mwaka 2017, huweza kutumia vipande vikubwa zaidi na kukisia yaliyomo katika kipande kwa kutazama vilivyo jirani. Kwa hiyo anga tupu la kiangazi juu ya shamba huchukua data chache sana, na nafasi kubwa hubaki kwa mishipa ya jani na madoa yake. Kwa ubora unaolingana, faili la HEIC huwa karibu nusu ya lile la JPEG. Upo pia AVIF wa mwaka 2019, usiodai ada ya hataza (haki ya mvumbuzi), ambao Android huusoma tangu toleo la 12.

Mwenye iPhone atapata chaguo la HEIC katika mipangilio ya kamera. Katika simu kadhaa za Android limo ndani ya programu ya kamera yenyewe. Litahusu picha mpya tu. Zile zilizopokelewa kwa WhatsApp zimekwisha kubanwa, na kuzibana tena ni kuziharibu.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, kiko maofisini. Ipo mifumo ya kupokea ripoti inayokataa picha yoyote isiyo JPEG au PNG, hata afisa aliyekwisha kubadili kamera yake akalazimika kurudi alikotoka. Naziomba taasisi zinazoisimamia, ambazo nyingi ziko hapa makao makuu ya nchi, ziiwezeshe kupokea HEIC na AVIF na kuzigeuza kwenye seva, kwani programu huria za kufanya kazi hiyo zipo na hazihitaji kununuliwa.

Wako,
Afisa Ugani,
Dodoma