Malengo ya mwaka tuyaombee Septemba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na Wakristo wenzangu tunaoishi kwa jembe.

Kila tarehe 31 Desemba tunajaa kanisani kwa mkesha. Ikikaribia saa sita usiku tunaambiwa tuandike malengo kwenye karatasi, tuinue juu, yaombewe. Mwaka jana kijana aliyekaa mbele yangu aliandika kwa herufi kubwa: GUNIA 100 ZA VIAZI. Tukaitikia amina. Lakini shamba lake limepakana na langu. Usiku ule viazi vyake vilikuwa vimeshachipua, robo eka tu, kwa sababu mbegu nyingine aliiuza Oktoba alipobanwa na hela. Sasa tulikuwa tunamwomba Mungu aongoze nini?

Huku kwetu mvua huanza Novemba. Ikifika Januari mbolea ya kupandia, DAP, imeshafukiwa, hela ya mavuno imekwisha, kilichobaki ni palizi, mbolea ya kukuzia na sare za shule. Mwaka wa mkulima wa Mbeya, Iringa au Njombe unaamuliwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale yameshapita, mahindi yako ndani na dalali anapiga hodi akitaka lumbesa, gunia la kujazia kupita kipimo. Nikodi eka nyingine? Niingie mkopo? Nipunguze viazi nipande miparachichi, nikae miaka kama mitatu bila kuvuna? Maswali hayo yatajibiwa kabla ya mvua, tuombe tusiombe.

Na miezi hiyo ndiyo tunatangaziwa sikukuu ya mavuno na harambee. Tunaulizwa tutatoa nini. Hatuulizwi tutabakiza nini.

Wako watakaosema hesabu za mbegu na mbolea si mambo ya kiroho. Wasome Nehemia. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alifunga na kuomba. Kutoka mwezi wa Kisleu hadi Nisani, miezi kama minne, ndipo akamwomba mfalme ruhusa ya kwenda kuzijenga, na mfalme alipomuuliza atarudi lini alimpa muda. Akaomba barua za kupitia kwa maliwali, na nyingine ya Asafu, mlinzi wa msitu, ili apewe miti. Alipofika Yerusalemu akazunguka usiku kukagua kuta kabla hajamwambia mtu. Maombi yake yalikuwa na mbao ndani yake.

Tuna tabia pia ya kujifunika kwa "Bwana akipenda" pale tusipopanga kitu. Lakini Yakobo, aliyeyaandika maneno hayo katika waraka wake, sura ya 4, alikuwa akiwaambia watu waliokwisha panga: mji wa kwenda, mwaka mzima wa kukaa, biashara na faida. Alichokemea ni majivuno yao.

Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Siku ya kugawana, kabla sanduku halijafunguliwa kwa funguo zake tatu, kila mmoja anasema mbele ya wenzake fedha yake inakwenda wapi na kama baba wa nyumbani anajua. Tunaulizana, wakati mwingine kwa ukali, halafu ndipo tunaomba. Mama mmoja aliingia na wazo la friji la soda, akatoka na mbegu ya viazi, na hajajuta. Mwingine tulimkatalia wote, akanunua cherehani vilevile, na inamlipa mpaka leo. Sisi si Roho Mtakatifu. Ila hata huyo wa cherehani anasema maswali yetu ndiyo yaliyomfanya aulizie bei ya vitambaa soko la Mwanjelwa kabla ya kulipa.

Wachungaji, mkesha ubaki wa kushukuru. Tupeni Jumapili moja ya Septemba, tuje na daftari, mume na mke wakae benchi moja, tuhesabu kwanza kisha tupige magoti. Na afisa ugani aalikwe, hata kama si wa dhehebu letu.

Mama mkulima,
Isyonje, Mbeya