Kwa nyie mnaoishi na moyo wa kupandikizwa: angalieni mnachochanganya na vidonge

Wanangu na wadogo zangu mliopandikizwa moyo huko India na kwingineko, na nyie mnaowauguza nyumbani,

Marahaba kabla hata hamjanisalimia. Mimi nimefanya kazi ya famasi tangu ujanani mpaka nikastaafu, saivi niko zangu Tanga nakunywa chai, ila kuna jambo linanikera sana. Kila mtu akiongelea mwili kukataa moyo anasema "usiache dawa", basi, anaishia hapo. Jamani mtu anaweza kumeza vidonge vyake asubuhi na usiku bila kuruka hata kimoja, na moyo ukakataliwa vilevile, kwa sababu dawa haikukaa kwenye damu. Hapo ndo nataka tukae leo.

Toka mwanzo kushona moyo mpya haikuwa ndo kazi iliyowashinda madaktari, kazi ilikuwa kuituliza kinga ya mwili, inayouona moyo huo ni kitu kigeni na kuushambulia. Daktari Christiaan Barnard alimpandikiza moyo mgonjwa Louis Washkansky pale hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Desemba 3, 1967, moyo ukadunda vizuri tu, mgonjwa akafa baada ya siku 18 kwa nimonia, maana dawa za enzi zile ziliipiga kinga yote ya mwili bila kuchagua. Afadhali ilikuja na saiklosporini, inayotokana na fangasi wa kwenye udongo wa Norwe, Marekani wakairuhusu mwaka 1983, alafu Wajapani nao wakaleta takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongoni. Dawa hizi mbili zinazuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kimoja kinaitwa kalsinyurini, kilichomo ndani ya zile chembe nyeupe za damu zinazotambua kitu kigeni. Kalsinyurini ikizuiwa, chembe hazipati amri ya kuongezeka na kushambulia. Ikiachiwa, zinaufuata moyo na kumwaga vimeng'enya vyao vingine, granzaimu, vinavyoua chembe za msuli wa moyo moja moja.

Sasa kuna kimeng'enya cha pande ya pili, ambacho wengi hamjawahi kuambiwa. Kinaitwa CYP3A4, kinakaa kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, na kazi yake ni kuzivunja hizo dawa ili zitoke mwilini. Chukulia damu yako ni tangi, vidonge ndo maji unayojaza, CYP3A4 ndo koki ya chini. Daktari amekupimia maji ya kujaza akijua koki imefunguka kiasi gani, ukija wewe ukala au ukanywa kitu kinachofungua koki yote, tangi linakauka na wewe unajiona unafuata masharti.

Na haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika kuhusu wanaume wawili waliopandikizwa moyo, wote umri umepita miaka 60, hali zao zimetulia, wakaanza kutumia mmea wa maua ya njano unaouzwa Ulaya kwa ajili ya huzuni, Hypericum perforatum. Ndani ya wiki chache saiklosporini ikaporomoka kwenye damu, kipande cha msuli wa moyo kilipochukuliwa na kuangaliwa kikaonyesha moyo unakataliwa. Walipoacha ule mmea, kiwango kikarudi. Mmea tu, unauzwa bila cheti!

Kwetu huku huo mmea si tatizo, tatizo letu ni TB. Rifampisini, dawa ya TB, inaamsha CYP3A4 kuliko dawa nyingi sana ninazozijua, ukianzishwa kliniki ya TB na wale wahudumu hawajui una moyo wa kupandikizwa, ndani ya wiki moja mbili takrolimasi yako inaweza kubaki karibu na hakuna. Sisemi usitibiwe TB, itakuua hiyo. Nasema kabla ya kidonge cha kwanza daktari wako wa moyo ajue, kuna rifabutini ambayo haina nguvu hiyo, au dozi ipandishwe huku damu inapimwa mara kwa mara, na ukimaliza rifampisini dozi ishushwe taratibu maana ile nguvu yake inaendelea kama wiki mbili hivi baada ya kuacha.

Kuna na vinavyofunga koki. Balungi, juisi ya danzi, flukonazoli ya fangasi, klarithromaisini na erithromaisini ambazo duka la dawa mtaani wanakupa ukikohoa tu. Hapo dawa inajaa inapitiliza, figo zinaumia, mikono inatetemeka. Hata kuharisha kunapandisha takrolimasi, kwa sababu utumbo ukiumwa hauivunji kama kawaida, kwa iyo ukiharisha siku mbili tatu piga simu hospitali, usikae tu na ORS yako.

Wenye azathioprini, nayo dawa ya kutuliza kinga, mkipata jongo mkapewa alopurinoli semeni hapo hapo mnatumia nini. Alopurinoli inazuia kimeng'enya kingine kinachoondoa azathioprini, uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu. Na zile poda za "kuongeza kinga" mnazoletewa na mashangazi, jamani, kinga mnayoiongeza ndo hiyo hiyo inayotaka kuutoa moyo.

Lingine, acheni kulinganisha dozi. Mtu anarudi kutoka India anasema mwenzangu wa kitanda cha jirani anameza miligramu chache, mimi wamenizidishia. Waafrika wengi tuna kimeng'enya ndugu wa ile CYP3A4, kinaitwa CYP3A5, kinachofanya kazi kweli kweli, wakati Wazungu wengi chao kimelala, kwa iyo mwenye nacho anaweza kuhitaji takrolimasi mara moja na nusu hadi mara mbili ya mwenzake. Usijipunguzie mwenyewe eti hela au eti nyingi.

Na msisubiri maumivu ya kifua. Moyo uliopandikizwa mishipa yake ya fahamu ilikatwa, unaweza kukataliwa na usisikie kitu, labda kuchoka, pumzi kukata ukipanda ngazi, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla. Ndo maana mwaka wa kwanza wanawaita mara nyingi kuingiza waya shingoni na kunyofoa kipande cha msuli wa moyo wakapime. Nendeni, hata mkiwa mnajisikia wazima.

Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, kidonge cha asubuhi usikimeze, kiweke mfukoni, utolewe damu kwanza kama masaa kumi na mawili baada ya kile cha usiku, alafu ndo umeze. Ukimeza kabla, kipimo kinasoma juu na daktari anakupunguzia dozi ambayo hukutakiwa kupunguziwa. Na kile cha usiku wa jana yake andika saa uliyomeza, watakuuliza.

Mzee wenu,
mfamasia mstaafu, Tanga